MBWA KATIKA LUPANGO WA MWISLAMU

Bismillahi Rahmani Rahim. Himidi zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa kila kitembeacho juu ya ardhi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baad.



Katika mji wetu wa Kisangani, toka Makiso hadi Mangobo, toka Kabondo hadi Lubunga ng'ambo ya mto, watu huogopa wezi wa usiku. Umeme ukikatika, mtu humtegemea Mungu, kisha kufuli lake, kisha mbwa wake. Hapo ndipo muumini hujiuliza: dini yangu inaniruhusu? Wengine hawaulizi, hufuga kwa kuona haya. Wengine huwapiga mawe mbwa wa jirani wakidhani wanafanya ibada. Leo tulitazame jambo hili kwa elimu.

KWANZA: KUFUGA. Katika Sahihi mbili, Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayefuga mbwa bila haja hupungukiwa na thawabu kila siku. Akawatoa katika katazo hilo mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi, akaona kwamba kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa mbwa wa kulinda nyumba naye aruhusiwe kwa kipimo hicho hicho, kwa sababu haja ni ile ile. Basi mlinzi wa lupango ana nafasi. Mbwa wa fahari tu hana. Na huyo mlinzi makao yake ni uani. Haingizwi chumbani, kwa maana tumefundishwa kwamba Malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye mbwa ndani.

Tusimchukie kiumbe huyu. Mwenyezi Mungu amemtaja mbwa wa Watu wa Pango katika Suratul Kahf, na katika Suratul Maida, aya ya 4, ametuhalalishia windo la mnyama aliyefunzwa. Wazee waliotoka msituni wanawajua wale mbwa wadogo wa Kongo wasiobweka, wanaofungwa kengele ya mti shingoni ili mwindaji asiwapoteze.

PILI: TOHARA. Hapa watu hugombana bure. Wengi wetu tumerithi madhehebu ya Shafi kutoka kwa waliotoka pwani zama za Tippu Tip. Kwetu mate ya mbwa ni najisi: chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Ndugu zetu wa Afrika ya Magharibi tunaoswali nao safu moja ni Wamaliki, na kwa Imam Malik mbwa aliye hai ni tohara. Kila mmoja ashike ya imamu wake, asimhukumu mwenzake. Na hata kwa Shafi, mbwa mkavu akigusa nguo kavu hakuna la kuosha. Wala kumgusa mbwa hakuvunji udhu. Bukhari amepokea kwa Ibn Umar kwamba zama za Mtume mbwa walikuwa wakipita msikitini, na watu hawakunyunyiza maji kwa ajili hiyo.

TATU: KUUMWA. Enyi wazazi, sikilizeni hili kuliko yote. Kichaa cha mbwa huua. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Duniani hufa watu makumi ya maelfu kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Lakini kinga ipo toka mwaka 1885, Pasteur alipomchanja mtoto wa miaka tisa kule Ufaransa akapona.

Mtoto akiumwa, au akikwaruzwa, au mate yakigusa kidonda, mwosheni papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kisha mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe, na amalize sindano zote atakazoandikiwa. Msiishie kwenye jiwe jeusi. Msiseme kidonda ni kidogo. Msimkaripie mtoto kwa kuwa alimchezea mbwa, maana mtoto anayeogopa fimbo huficha kidonda, na kidonda kilichofichwa ndicho kinachotuletea jeneza. Kutafuta dawa ni amri ya Mtume, na dua huenda pamoja na dawa. Na mwenye mbwa amchanje kila mwaka.

NNE: HAKI. Kuna wazee walioacha jamaa ya Alfajiri kwa hofu ya mbwa wanaofunguliwa njiani. Mwenye mbwa, fikiri: unalinda sufuria zako, na jirani yako anapoteza sala ya jamaa! Mfungie ndani ya ua kabla ya adhana. Mafakihi wamesema, anayemwachia mbwa anayejulikana kuwa mkali hubeba dhamana ya atakayeumwa.

Na mbwa naye ana haki. Yule mwanamke aliyemfungia paka bila chakula aliingia Motoni. Na mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, Mungu alimsamehe. Basi nani amekuruhusu kumfunga mlinzi wako kwa kamba fupi siku nzima, bila maji, katika jua la Kisangani? Kama huna cha kumlisha, usimfuge.

Ndugu zangu, leo mkirudi nyumbani fanyeni mambo matatu: tazameni chombo cha maji cha mbwa, ulizeni hospitali iliyo karibu nanyi kama chanjo ipo, na waambieni watoto wenu kwamba atakayeumwa aseme, hatapigwa.

Ewe Mola wetu, zilinde nyumba zetu, uwahifadhi watoto wetu, na utujaalie huruma kwa viumbe vyako. Amin.

Wabillahi tawfiq.