Dhamana ya Kalamu

Ndugu msomaji, mwandishi wa leo hahitaji mtambo wa kuchapia. Akiwa na simu tu, maneno yake huwafikia maelfu kabla chai yake haijapoa. Je, akieneza uongo alioudhania kuwa kweli, ana lawama?

Wengine husema: "Nimepokea tu, nami nikapeleka." Lakini Kurani Tukufu (49:7) yatuamuru tuichunguze habari iletwayo na mtu mwovu, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Tazama: kutojua hakukufanywa udhuru, bali ndiko hatari yenyewe. Naye Mtukufu Mtume s.a.w. alimhesabu kuwa mwongo mtu asimuliaye kila alisikialo. Basi aliyeweza kuchunguza akaacha, lawama inamhusu.

Maimamu wa Hadithi waliuliza juu ya kila neno: limepokewa kwa nani, naye alilipokea kwa nani? Mwaka 2019 WhatsApp, kwa kuona madhara ya uvumi, iliweka mpaka wa kupeleka ujumbe kwenye mazungumzo 5 kwa mara moja. Lakini mpaka huo hupunguza mwendo wa uongo tu. Kuutambua ni kazi ya dhamiri.

Basi wewe utakaye kuitumikia dini kwa kalamu, jiulize kwanza: Nani kasema? Nimethibitisha? Natafuta radhi ya Mungu au sifa za wasomaji? Na ukikosea, sahihisha mbele ya wale wale uliowapotosha. Heshima ya jirani uliyoivunja hadharani hairudishwi kwa kufuta maneno kimya kimya.

Mwenyezi Mungu atujalie kusema kweli. Amin.