Usiivue Sitara ya Allah kwa Mkono Wako



Ndugu zangu waumini wa Mgogoni, kuna vitabu vinavyouzwa sana Ulaya na Marekani, na siku hizi visa vyake vinafika hadi kwenye simu za vijana wetu hapa Pemba. Ni vitabu vya wanamuziki wa roki wanaosimulia maisha yao wenyewe. Ozzy Osbourne wa Uingereza alitoa chake mwaka 2009, Keith Richards wa Rolling Stones akafuata mwaka 2010. Ulevi, unga, zinaa na fedha zilizoteketea ndizo hadithi zinazowavuta wasomaji wa vitabu vya namna hiyo. Sitayaeleza zaidi ya hapo, na sababu ya kutoyaeleza ndiyo mada yangu.

Watu hao hesabu yao iko kwa Mola wao. Kinachonitia hofu ni tabia iliyohamia kwetu. Kijana anakwenda Unguja kutafuta riziki kwenye mahoteli, anateleza, Allah anamsitiri. Akirudi kwao anakaa barazani na kuyamwaga yote, wenzake wakicheka na kumpa cheo. Mwingine hata baraza haingoji, anajirekodi na kuweka kwenye simu ili aonekane.

Amepokea Abu Huraira (R.A.), katika hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alieleza kuwa umma wake wote unatarajiwa msamaha isipokuwa wale wanaodhihirisha maovu yao. Akabainisha kuwa katika kudhihirisha huko ni mtu kufanya jambo usiku, Mola wake akalifunika, kisha kukicha akamweleza mwenzake kwamba jana nilifanya hivi na hivi. Usiku mzima alilala ndani ya sitara ya Mola wake, asubuhi akaivua mwenyewe. Imamu Nawawi ameileta hadithi hii katika Riyadhus-Salihin, kwenye mlango wa kusitiri aibu za Waislamu.

Tuizingatie vizuri. Anayetenda dhambi kwa kificho bado ana haya, na haya ni tawi la imani. Anayejisifia dhambi ameikata haya hiyo, na tena amewafungulia njia wanaomsikiliza. Na liko jingine ambalo hatulifikirii sana: amejifunga. Akishajulikana barazani kwa kisa kile, watu watamtaka awe vile vile kila siku. Siku atakapotaka kutubu itambidi akabiliane na nafsi yake, na juu yake awaaibikie wote waliompigia makofi. Nadhani mwanamuziki mashuhuri analijua gereza hili kuliko sisi, kwani yeye hulipwa ili asibadilike.

Sisi Wazanzibari tuna mfano uliozaliwa kwetu. Farrokh Bulsara, mtoto wa familia ya Kiparsi, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Mwaka 1964 familia yake ikahamia Uingereza, na huko akawa Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen. Hakuacha kitabu cha maisha yake. Maradhi yake ya UKIMWI aliyatangaza tarehe 23 Novemba 1991, na kesho yake akafariki akiwa na miaka 45. Lakini umaarufu haukumwacha apumzike na siri zake. Wengine waliandika, filamu ikatoka mwaka 2018, na mwaka 2023 vitu vya nyumbani kwake vikanadiwa London: piano yake, nguo zake, hata kitana chake cha masharubu. Mnada ule ulifikia karibu pauni milioni 40. Aliyekuwa maarufu hakuwa tena na uwezo wa kujifunika. Wewe wa Mgogoni, ambaye hakuna anayekufuatilia kwa kamera, Allah amekupa neema aliyoikosa tajiri yule, nawe unaitupa ili uchekewe na watu watano!

Yupo mwanamuziki mwingine, Cat Stevens, aliyezaliwa London mwaka 1948. Umaarufu ulimjia akiwa bado kijana, na kifua kikuu kikamlaza hospitali miezi kadhaa kabla hajatimiza miaka 22. Baadaye, katikati ya miaka ya 1970, alikaribia kuzama baharini huko Malibu, Marekani, akamwomba Mungu amwokoe. Kaka yake akamletea Qur'ani. Alisoma, Sura Yusuf ikamgusa, na Desemba 1977 akasilimu, kisha akajiita Yusuf Islam. Aliuza magitaa yake kwa ajili ya sadaka, na mwaka 1983 akaanzisha shule ya watoto wa Kiislamu London. Kwamba alirejea tena kwenye muziki miaka mingi baadaye, hilo wanazuoni wana maneno yao na hapa si mahali pake. Ninachotaka mkione ni kwamba Waislamu tunapomtaja tunataja bahari, msahafu na shule. Toba yake imekuwa ndiyo kisa.

Hata kwa anayekiri, sitara ilitangulizwa: sahaba Maiz (R.A.) alipokuja kwa Mtume (S.A.W.) kukiri zinaa, Mtume alimgeuzia uso mara kwa mara. Na mtu aliyemshauri aende akakiri, aitwaye Hazzal, Mtume alimwambia kuwa lau angemfunika kwa nguo yake ingekuwa bora kwake. Karafuu tunaianika ili ikauke na ipate bei. Dhambi ukiianika haikauki, inaota.

Msinielewe vibaya. Aliyetekwa na unga akimweleza daktari wa hospitali ya Kidongo Chekundu, au wasimamizi wa nyumba za upataji nafuu, huyo anatafuta dawa na hajisifii. Na mtoto aliyedhalilishwa asinyamazishwe hata kidogo kwa jina la sitara. Katika Sura An-Nisaa, Allah amemtoa aliyedhulumiwa katika makatazo ya kutangaza ubaya. Mzazi anayemaliza kesi hiyo chini ya mwembe anamfunika mkosaji na kumvua mtoto wake. Kesi hiyo ipelekwe polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto.

Basi wenye picha na sauti za usiku wao kwenye simu, wazifute leo kabla ya kulala, na waliotumiwa wasizisambaze. Wazee wangu, kijana akirudi kutoka Unguja au Dar es Salaam akaanza kusimulia, msimwulize ilikuwaje, na msicheke. Mkatizeni kwa upole, mumuulize ameswali wapi jana, na mkimwona ana uzito moyoni mchukueni kando, mmoja wenu tu, mmkumbushe aya ya Sura Az-Zumar inayowakataza waliojidhulumu wasikate tamaa na rehema ya Allah.