Nani Mwenyeji, Nani Alipe?



Waswahili walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tunaoishi ughaibuni twaijua methali hii kwa migongo yetu. Wengi wetu hatukungojea hata hiyo siku ya tatu. Tulishuka kwenye ndege tukakabidhiwa jembe, nalo likaitwa maboksi. Lakini kuna swali ambalo methali haikulijibu. Mgeni aliyekwisha kupewa jembe, je, naye aweza kuwa mwenyeji? Swali hilo lilitukuta mezani, mjini Doha, na tukubali mapema kwamba tulilijibu vibaya.

Tulikuwa watatu, tukirejea kutoka harusini Dar es Salaam, tukapata siku mbili za kupumzika njiani nchini Qatar. Kama wasafiri wote wenye njaa, tulielekea Souq Waqif, soko la kale lililokarabatiwa miaka ya 2000 kwa sura yake ya zamani. Huko tulijiona tumefika nyumbani. Wazee wenye vizibao vya rangi ya damu ya mzee walisukuma mizigo ya watu kwenye vitoroli, na jina lao ni hammali, neno letu lile lile la hamali. Wanawake walikaa mbele ya vyuma vya moto wakitandaza unga kwa mkono mpaka ukawa mkate mwembamba kama karatasi, uitwao regag. Pembeni, vidonge vya unga vilielea ndani ya mafuta, kisha vikamwagiwa shira. Wao huviita luqaimat. Sisi tumevila kila Ramadhani kwa jina la kaimati. Hata ile ngano iliyopondwa na nyama, harees yao, tuliionja tukatazamana: boko boko!

Kila tulipoonja, mmoja wetu alisema, "Hiki nimekigundua mimi." Ndivyo wasemavyo wasafiri, kana kwamba chakula kilikuwa kimepotea.

Jioni alikuja mpwa wa mwenzetu, kijana wa Mombasa anayefanya kazi ya ulinzi huko. Alikuwa ametoka zamu, na viatu vyake vya kazi vilikuwa bado mguuni. Akasema hapa sokoni twala sura ya mji. Yeye atatupeleka tukale chakula chenyewe. Akatupitisha vichochoro hadi mkahawa mdogo wa Wamalabari, watu wa Kerala, India, ambako madereva na mafundi walikaa bega kwa bega. Ikaja parota ya matabaka iliyopasuka kwa mvuke, mchuzi wa samaki wenye ukwaju, nyama iliyokaangwa na majani ya mchuzi, na sahani ya maharage ambayo hatukuiagiza. Tulikula hadi tukanyamaza. Hakuna kati yetu aliyewahi kula vizuri hivyo katika safari yoyote.

Bili ilikuwa riyali 50 kwa watu wanne. "Rahisi namna hii!" tukasema, na tulimaanisha sifa.

Kijana akacheka. "Rahisi kwenu, mjomba."

Hakuongeza neno. Hesabu tuliifanya wenyewe baadaye. Sheria iliyoanza kutumika Qatar mwezi Machi 2021 iliweka kima cha chini cha mshahara kuwa riyali 1,000 kwa mwezi, na mwajiri asiyempa mfanyakazi chakula atoe riyali 300 za posho ya kula, na asiyempa malazi atoe 500. Riyali 300 kwa mwezi ni riyali kumi kwa siku, chini ya dola tatu. Kijana alikuwa akipokea posho hiyo ya 300. Sahani tulizozisifu kwa urahisi wake zilikuwa chakula chake cha siku tano.

Naye alikuwa tayari ameshika pochi. "Leo nyote mu wageni wangu," alisema.

Hapo ndipo mmoja wetu, mama mwenye roho nzuri kuliko sisi sote, alipojifanya anakwenda kunawa mikono, akapitia kwa mwenye duka na kulipa. Kijana alipofika kwenye kaunta aliambiwa deni limekwisha. Alisimama kidogo. Kisha akamgeukia mjomba wake, akasema kwa sauti ya chini, "Mjomba, mwanitia aibu mbele ya watu ninaokula nao kila siku." Akatusindikiza hadi kituo cha metro kwa adabu zote, lakini mazungumzo yalikuwa yamekufa.

Usiku ule tulibishana. Mama yetu hakurudi nyuma. "Heshima haijazi tumbo," alisema. Alitukumbusha miaka yake ya kwanza ya maboksi, alipompokea mgeni kutoka nyumbani, akamkaribisha kwa pesa yake ya mwisho, kisha akala mkate mkavu wiki nzima. "Mgeni yule angenilipia kwa siri ningemshukuru hadi leo."

Tukamuuliza, "Na je, ungemwambia hali yako?"

"Nisingemwambia," akajibu. "Ningekufa kwanza."

Katika jibu hilo mna pande zote mbili za swali. Njaa yake ilikuwa kweli, na fahari yake ilikuwa kweli.

Asubuhi tulikwenda Msheireb, mtaa unaopakana na soko, tukaingia Bin Jelmood House. Ilikuwa nyumba ya mfanyabiashara wa watumwa. Tangu mwaka 2015 ni makumbusho ya utumwa katika ulimwengu wa Bahari ya Hindi. Humo twajikuta sisi wenyewe. Watu walitolewa pwani yetu wakavushwa hadi Ghuba, wakazamishwa kutafuta lulu, wakawekwa majumbani kupika na kulea. Qatar ilipiga marufuku utumwa mwaka 1952, yaani wapo wazee walio hai waliozaliwa kabla ya hapo. Bahari ile ile iliyotuunganisha kwa kaimati na boko boko ndiyo iliyobeba watu hao.

Hatusemi kwamba mshahara mdogo ni utumwa. Kijana wetu alipanda ndege kwa miguu yake, ana mkataba, na hutuma pesa kwa mama yake. Kufananisha hovyo ni kuwadharau waliofungwa minyororo. Lakini nyumba ile ilitufundisha jambo moja kuhusu meza. Mtumwa aweza kupika chakula kitamu kuliko vyote, akakipakua na kukiandaa, asichoweza ni kusema, "Leo mu wageni wangu." Kualika ni kazi ya mtu huru. Kijana alipotamka maneno yale, alikuwa akituambia kwamba baada ya saa kumi na mbili za kulinda mlango wa mtu mwingine, bado anao mlango wake. Nasi kwa wema wetu tukaufunga.

Tulichokiona kibaya kilikuwa kibaya kweli: si haki mtu ale kwa riyali kumi kwa siku katika mji wa minara ya vioo. Lakini dhuluma hiyo haikufanywa na mkono wake uliotukaribisha, wala haiponyeshwi kwa kuukata mkono huo. Kama twataka kulipa, ziko njia nyingi zisizompora uenyeji: kumsaidia ada ya kozi, kumpokea nyumbani kwetu akija, kusema wazi kuhusu mishahara ya walinzi na wapishi popote tunapopata nafasi ya kusikika. Na kuacha kuita chakula "rahisi" kabla ya kujua kimemgharimu nani.

Mama yetu hakukubali yote haya. Alisema ni rahisi kwa aliyeshiba kuhubiri heshima, na twaona hoja hiyo haijapata jibu kamili. Mgeni anayekula posho ya mwenzake, akajipongeza kwa kumheshimu, huyo naye ana lake la kujibu. Ndiyo maana twadhani kupokea kunatufunga kuliko kulipa. Bili ikilipwa imekwisha. Karamu ukiipokea, waondoka na deni.

Saa chache kabla ya ndege tulimpigia simu kijana. Tulimwomba atupeleke kunywa karak, ile chai nzito ya maziwa ya kopo na iliki. Alinyamaza kidogo, kisha akasema anakuja. Tulikunywa tukiwa tumesimama kando ya barabara, vikombe vinne vya karatasi, riyali mbili kila kimoja. Riyali nane: karibu posho yake ya siku nzima. Akatoa pochi.

Mama yetu alikuwa karibu na kaunta kuliko sote. Alishika kikombe chake kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, mwanangu. Chai tamu."