Kumwabudu Mmoja na Kuwakubali Wengine

Yako maneno tuyasikiayo hapa Chepseon, nayo husemwa na watu wema: "Mimi namwabudu Mwenyezi Mungu peke yake, lakini wale wa wazee nao wapo, kila watu na wao." Msemaji hudhani amekwisha kuepukana na shirki kwa kuwa hasujudii sanamu. Sivyo hata kidogo.

Makureshi nao, walipoulizwa ni nani aliyeumba mbingu na ardhi, walimtaja Allah. Hawakumtaja Lata, wala Uzza, wala Manata. Hao waliwafanya waombezi tu. Na kwa ukiri huo hawakuhesabiwa kuwa watu wa Tauhidi, kwani shahada yetu huanza kwa kukanusha, ndipo ikathibitisha. Aachaye kukanusha hajashahadia.

Wazee wa Kipsigis walimjua Muumba, wakamwita Asis, jina lililo karibu na lile la jua. Na mbele ya nyumba waliweka mabwaita, mahali pa kuombea. Hayo si ya kuchekwa. Lakini pamoja naye walizicha roho za wahenga, oiik. Na jamaa zao Wanandi, kama alivyoandika Hollis katika kitabu chake cha 1909, walisema kuna Ilet wawili wa radi, mwema na mwovu.

Hapo ndipo penye mtihani wetu. Nchi hii ya chai ni nchi ya radi na mvua ya mawe, na dhoruba moja yatosha kuyachanachana majani ya shamba. Ikinguruma jioni, aliyesilimu juzi humsabihi Mola kwa ulimi, na moyoni amwogopa yule wa pili. Wala tusimcheke, sisi tuliozaliwa Waislamu! Wangapi wetu huvaa hirizi, au hupeleka ubani mizimuni, kwa hofu ya majini? Majini wapo, hatukatai, ni viumbe. Kukubali kuwa kiumbe yupo si kosa. Kosa ni kumpa sehemu ya uungu, ijapokuwa humsujudii.

Sura ya 13 yaitwa Ar-Raad, yaani Radi, nayo yatujulisha kuwa radi yenyewe humtakasa Mola wake. Basi huyo anayeogopwa shambani ni mja mwenzetu. Sura hiyo tutaisoma darasani Ijumaa ijayo baada ya Alasiri, inshaallah. Wachuma chai na waje na maswali yao.