Lawama ya Tundu la Pini

Sisi wanadamu tuna desturi ya kumtafuta mkosaji pale kosa linapoonekana, si pale lilipozaliwa. Kidonda kikitoa usaha, hulaumiwa mwenye kidonda. Je, hiyo ni haki?

Mfupa ukivunjika na nyama kuchanika, kama inavyowapata wengi katika ajali za pikipiki, daktari huweza kupitisha pini kwenye ngozi hadi ndani ya mfupa, kisha akaziunganisha kwa vyuma nje ya mguu. Gavriil Ilizarov, huko Kurgan, Siberia, aliiendeleza njia hii tangu miaka ya 1950 kwa pete na nyaya zilizokazwa. Ni njia iliyookoa miguu mingi. Lakini kila pini ni mlango ulioachwa wazi, na vijidudu havipigi hodi.

Mimi nilivaa chuma hicho kwenye muundi kwa miezi minne. Kila siku nilinawa mikono kwa sabuni na kusafisha kila tundu kama nilivyoelekezwa. Hata hivyo pini moja ilitoa usaha, ikalegea. Muuguzi akaniambia, "Mzee wangu, hukusafisha vizuri."

Neno hilo lilinifanya niulize na kusoma. Nikafahamu kwamba keekee ikiwa butu, au ikizungushwa kwa pupa, huuchoma mfupa. Joto la nyuzi 47 za Selsiasi likidumu dakika moja tu laweza kuudhuru. Mfupa uliokufa haushiki pini. Pini ikicheza, ngozi huchubuka, na maradhi hupata njia. Ndiyo maana ncha yapasa kuwa kali, izungushwe polepole, ipozwe kwa maji ya chumvi. Ngozi nayo ipasuliwe kiasi, isivutwe na chuma. Tena pini ipite mahali salama, mbali na mishipa ya damu na ya fahamu; katika muundi, upande wa ndani ndio bora, kwa kuwa mfupa uko chini tu ya ngozi.

Yote haya hutendeka mgonjwa akiwa hana habari. Madhara huja baada ya majuma, wakati ambapo hakuna awezaye kuthibitisha lolote. Kazi ya namna hiyo haina askari wa kuilinda ila dhamiri ya anayeifanya.

Sisemi kwamba mgonjwa hana wajibu. Usafi ni wake, na akiuacha atajidhuru. Wala sisemi lawama yote ihamie kwa daktari. Huenda alipewa ncha iliyokwisha makali, na aliyepaswa kununua mpya amekaa ofisini. Ninalosema ni kwamba lawama isimwangukie wa mwisho kwa sababu tu yeye ndiye aliye karibu, naye ni mnyonge. Kabla ya kuuliza "Ulisafishaje?", tuulize kwanza, "Pini hii iliingiaje?" Swali la kwanza humtafuta mtu wa kubeba aibu. La pili humkinga mgonjwa ajaye.