Rafiki Akituambia: "Weye Ndiye Utatupigia Foto"



Hapa kwetu Goma mambo huanza hivi. Rafiki anafika nyumbani jioni, anakaa, anakunywa chai, kisha anasema: "Tunafunga ndoa mwezi kesho. Pesa ya mpiga foto haiko. Lakini weye uko na aparei. Utatupigia, ao?" Nasi tunajibu mara moja: "Hakuna shida!"

Lakini shida iko. Sisi si mafundi wa kazi hiyo. Tunapiga foto siku ya Mungu, kwa kupenda tu: ziwa asubuhi, chukudu iliyobeba magunia ya makaa, watoto wa jirani. Ziwa litakuwako hata kesho. Pete inavikwa mara moja. Basi tujiulize: je, urafiki unatosha kutupa haki ya kukubali?

Wengi watasema: ndiyo, kwa sababu tunatoa bure. Sisi tunaona kinyume. Fundi aliyelipwa akiharibu, jamaa watamwendea, watadai pesa yao, watasema maneno makali, na hakuna atakayewalaumu. Rafiki akiharibu, nani atamdai? Bibi-arusi atacheka kidogo na kusema, "Si neno," kisha atalia chumbani. Kitu cha bure kinamfunga mdomo anayepewa. Kwa hiyo rafiki ana wajibu mkubwa kuliko fundi, maana wenye arusi wamekwisha kupoteza haki ya kulalamika. Wazee walisema ahadi ni deni. Deni lisiloweza kudaiwa ndilo zito zaidi.

Tunasema hivi kwa sababu yalitupata. Kulikuwa arusi moja ambapo betri ilizimika wakati padri anawaalika wale wawili wapeane pete. Usiku ule umeme ulikuwa umekatika mtaani, nasi hatukutafuta mahali pengine pa kuchaji. Rafiki yetu hakusema kitu mpaka leo. Kila tukifungua albamu yao, tunarusha ukurasa ule haraka.

Tangu hapo tunaamini kwamba matayarisho ndiyo malipo yetu. Betri mbili au tatu, zilizochajiwa siku mbili mbele. Kadi mbili. Aparei ya pili ya kuazima. Kwenda kanisani juma moja mbele, saa ileile ya misa, kuona mwangaza unaingia upande gani, na kumuuliza padri au mchungaji mahali tunaporuhusiwa kusimama. Kujifunza pia rangi za mji wetu: aparei ikiona gauni jeupe inadhani mwangaza umezidi, inafanya foto kuwa ya giza, ikiona mawe meusi ya volkano inadhani ni giza, inachoma nyuso. Na saa sita ya mchana jua liko juu ya kichwa, macho yote yanakuwa mashimo. Afadhali kungoja saa kumi, kandokando ya ziwa. Hakuna aibu kuanza kama mwanafunzi. Mzee Jean Depara, ambaye foto zake za usiku wa Kinshasa zinajulikana duniani, alinunua aparei yake ndogo ya Adox mwaka 1950 kwa ajili ya foto za arusi yake mwenyewe.

Lakini kujua kupiga ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua kuacha. Chukueni siku ya mahari, ile wengi wetu tunaita dote. Si desturi tu: Sheria ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka bwana-arusi na jamaa yake wapatane na wazazi wa bibi-arusi juu yake. Siku moja, wajumbe walipofungua bahasha na kuanza kuhesabu, tulisogea karibu. Shangazi wa bibi-arusi akaweka mkono mbele ya aparei: "Bana bangu, hapa haiko ku soko."

Tuliona haya, kisha tukafikiri. Macho ya waliokaa pale yanajua mbuzi, vitenge na bahasha vina maana gani: ni heshima, ni kuunganisha nyumba mbili. Foto haichukui maana ile. Ikitoka katika sale na kuingia katika simu za watu, inabaki pesa na msichana tu. Kwa hiyo foto inaweza kuonyesha jambo la kweli na bado ikasema uongo. Siku hizi tunakwenda kwa wazee wa pande zote mbili mapema, tunauliza: "Mama, papa, kitu gani tusipige?" Swali hili halijawahi kukasirisha mtu.

Kuna tena wageni wasiotaka uso wao uonekane. Tangu M23 walipouchukua mji mnamo Januari 2025, jamaa nyingi zimetawanyika, na foto inaweza kusema nani alikuwa wapi, pamoja na nani. Mtu akigeuza uso, tusimfuate.

Mtatuuliza: kama ni hatari namna hii, kwa nini msikatae tu? Hapana. Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji, ukachukua hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Mei 2021 watu walikimbia tena usiku. Katika nyumba nyingi hapa, mama hana hata foto moja ya arusi yake. Anaeleza gauni lake kwa mikono. Binti yake anasikiliza, anajaribu kuliona. Na leo ndugu wa mbali wasioweza kufika wataijua arusi kwa foto zetu tu.

Basi tunakubali, kwa masharti matatu. Tutayarishe kana kwamba tumelipwa. Tusitume foto hata moja kwa watu kabla wenye arusi hawajaziona. Na foto zikitengenezwa, zichapishwe kwenye karatasi, ziwekwe katika nyumba tatu, moja yao nje ya Goma.

Hatutacheza sana siku ile, na chakula tutakikuta kimepoa. Ni zawadi yetu. Rafiki mwingine ameshakuja juzi, akanywa chai. Safari hii hatukujibu, "Hakuna shida." Tulimwomba atupeleke kwanza kwa shangazi yake.