Siwezi Kumchagulia

Mwaka wa 2022 nilikuwa karani wa kura. Sikuitwa na uzalendo, niliitwa na njaa. Nilikuwa nimeacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, karo imenishinda, na msee mmoja akanitumia tangazo la kazi ya siku chache. Nikaomba, nikafunzwa, nikala kiapo. Kiapo chenyewe nilikisoma vile watu husoma masharti ya programu ya simu: unashuka hadi chini, unakubali.

Kituo chetu kilikuwa darasa la shule ya msingi huku Eastlands. Msimamizi wa kituo alikuwa mwalimu, mama wa miaka hamsini na kitu, na sote tulimwita Mwalimu, hata polisi wa mlangoni. Tarehe 9 Agosti, mtu wa mwisho kwenye foleni alipomaliza kupiga kura, tulifunga mlango tukaanza na sanduku la rais. Utaratibu si mgumu. Msimamizi anatoa karatasi, anamtaja aliyepigiwa, anawaonyesha mawakala, kisha inawekwa kwenye fungu lake. Mimi nilikuwa mtu wa mafungu.

Mapema tu ikatokea karatasi yenye tiki nje ya kisanduku, juu ya picha ya mgombea, kama mtu aliyetaka kumchorea miwani. Wakala mmoja akaruka: "Hiyo imeharibika!" Mwalimu akamweleza kwa upole kwamba kulingana na sheria, alama kuwa mahali pasipofaa haitoshi kuua kura, bora nia ya mpiga kura iwe wazi. Akaihesabu. Baadaye ikaja nyingine: tiki mbili, kubwa kwa huyu, ndogo kwa yule.

"Mwalimu, si unaona ile kubwa ni ya nani?" wakala yuleyule akasema.

"Amechagua wawili," Mwalimu akajibu. "Siwezi kumchagulia."

Akaiweka na zilizokataliwa.

Hayo maneno mawili ya mwisho hayajanitoka. Huwa tunasema tunataka wasimamizi wasio na upande. Mimi siamini mtu kama huyo yuko. Mwalimu ana kura, mimi nina kura, na yule polisi pia. Na sheria yenyewe haimtaki awe mashine. Inamwambia aangalie wino wa mtu asiyemjua, aamue mtu huyo alitaka nini. Hayo ni mamlaka makubwa kwa mama aliyekunywa chai baridi tangu alfajiri. Mpaka wake ni mwembamba: anaruhusiwa kuisoma nia ya mtu, haruhusiwi kuimalizia. Kusoma ni heshima. Kumalizia ni wizi, hata ukiifanya kwa roho safi.

Sasa niseme yangu.

Yapata saa tatu usiku sanduku likaisha. Tukajumlisha, tukapata karatasi moja imepungua. Hakuna aliyeshtuka sana. Mtu huweza kutumbukiza kura ya rais kwenye sanduku la gavana, na masanduku mengine matano yalikuwa bado hayajafunguliwa. Nikawa nafunga mafungu kwa mpira. Kwenye fungu la mgombea niliyempigia kura mwenyewe, kidole kikahisi karatasi nzito. Zilikuwa mbili, zimeshikana. Ya chini ilikuwa ya mpinzani wake.

Hakuna aliyeona. Fomu 34A haikuwa imejazwa. Wangu alikuwa anaongoza pale kituoni kwa mbali, kwa hivyo karatasi moja isingebadilisha kitu. Ningefunga tu mpira.

Nilinyamaza. Sijui ni sekunde ngapi, lakini zilitosha kufikiria yote hayo, na hizo sekunde ndizo zinaniaibisha hadi leo. Kisha nikasema, "Mwalimu, iko moja imeshikana na ingine huku."

Ningependa kukwambia dhamiri ndiyo ilisema. Pengine ni woga tu, maana wakala mmoja alikuwa ameanza kuniangalia mikono. Yule wa upande wangu ndiye aliyekasirika zaidi. "Kijana wangu," akasema, "kwani wewe ni wa nani?" Mwalimu hakunisifu wala kunikaripia. Alivuta mafungu yote mbele yake akaanza upya: "Moja."

Baadaye, matokeo yalipotangazwa, nilipiga hesabu. Tofauti kati ya Ruto na Raila ilikuwa kura 233,211. Vituo vilikuwa 46,229. Gawanya: ni kama kura tano kwa kila kituo. Hamisha karatasi tatu tu kutoka fungu moja hadi lingine kila kituo, na anayeongoza anabadilika. Kumbe "moja haibadilishi kitu" ni maneno ambayo karani yeyote anaweza kujiambia usiku uleule.

Lakini hata hiyo si sababu yenyewe. Hata kama wangu angeshinda kwa milioni tano, kuna mtu alisimama kwenye baridi ya asubuhi ili karatasi ile isomwe. Deni langu lilikuwa kwake, na simjui.

Januari 2008, Samuel Kivuitu, aliyekuwa mwenyekiti wa tume, aliwaambia waandishi wa habari kwamba hajui kama Kibaki alishinda. Ni yeye aliyekuwa amemtangaza. Kwa muda mrefu nilimcheka. Siku hizi naona alisema ukweli kuhusu kiti chake: ukiwa juu kabisa, huoni karatasi hata moja. Anayejua ni yule aliyeishika. Ndiyo maana naona Mahakama ya Rufaa ilikuwa sawa mwaka wa 2017, kwenye kesi ya Maina Kiai, iliposema matokeo yaliyotangazwa kituoni ni ya mwisho, wakubwa hawana ruhusa ya kuyagusa. Mamlaka yafuate macho.

Na macho hayo yana bei. Chris Msando, aliyesimamia teknolojia ya tume, aliuawa siku chache kabla ya uchaguzi wa 2017. Daniel Musyoka, msimamizi wa Embakasi Mashariki, alitoweka akiwa kazini Agosti 2022, akapatikana amekufa. Mimi nilipoteza nini? Nilikunjiwa uso na wakala.

Tulimaliza masanduku yote kukikaribia kucha. Mwalimu akabandika fomu mlangoni, selotepu ikakataa kushika, nikamshikia kona moja. Baadaye niliitafuta kwenye tovuti ya tume, nikaivuta kwa vidole hadi nikaona safu ya mpinzani. Ile moja ilikuwemo.

Mwenyewe hatawahi kujua ilikaribia kupotea. Wala hafai kuhitaji kujua.